Fundo la kanga lililoninyima usingizi

Msomaji wangu, hebu jibu bila kunidanganya. Unatembea zako, mfukoni huna hata nauli ya bajaji, mbele yako kuna kibunda cha noti kimelala chini na hakuna anayekutazama. Utafanyaje? Usiharakishe kusema "nitarudisha". Hata mwenzenu nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka siku iliponikuta.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la vitunguu la Misuna, hapa hapa Singida mjini. Nilikwenda kumvizia mshikaji mmoja anayepakia magunia, anilipe elfu ishirini yangu. Mshikaji kuniona tu, kayeyuka. Basi narudi zangu nimenuna, upepo wetu wa Singida unanipiga vumbi la macho, pembeni ya rundo la magunia naona kipande cha kanga kimefungwa fundo. Nikakiokota. Kizito. Nikasogea nyuma ya lori, nikafungua.

Jamani! Noti 36 nyekundu za elfu kumi na nne za elfu tano. Laki tatu na elfu themanini. Katikati yake kulikuwa na risiti ya ushuru wa magunia manne ya vitunguu, jina limefifia halisomeki.

Moyo ulinidunda kama ngoma. Kodi ya chumba nilikuwa nadaiwa miezi miwili, na mwenye nyumba ameanza kunisalimia kwa kukohoa. Sisi tunaoandikia magazeti bila ajira, si mnajua tena, malipo huja yakitaka. Nikajiambia, hii ni bahati yangu, Mungu kanikumbuka.

KIKARATASI KINACHONIKODOLEA MACHO

Nataka niwaambie kitu ambacho wengi hatukisemi. Kilichonisumbua hazikuwa zile hela, ilikuwa ile risiti. Hela haina jina, kila mtu anaweza kusema ni yake. Risiti ilikuwa inanikodolea macho kama shahidi mahakamani, kwa sababu ilinionyesha pa kuanzia kumtafuta mwenyewe. Mara mbili niliikunja niitupe chooni, mara mbili nikairudisha mfukoni. Nilijua nikishaitupa nitaweza kusema, "Jamani mimi simjui mwenyewe." Na kweli nisingemjua, maana ningekuwa nimejiziba macho kwa mkono wangu.

Usiku huo, kwa aibu naandika haya, nilitoa noti moja. Kuku nusu, chipsi, soda baridi na bando la intaneti. Nikalala nimeshiba, lakini usingizi haukuja.

Jumapili nikaenda kijiweni, nikauliza kijanja eti "rafiki yangu" kaokota hela. Mmoja akadakia, "Mwambie aache ushamba. Cha kuokota si cha kuiba!" Mwingine akasema atoe sadaka kidogo, nyingine ale kwa amani. Mzee mwenye kibanda cha chai alikuwa anaosha vikombe, wala hakugeuka. Akasema tu, "Kijana, vyaelea vimeundwa." Nikashindwa kumaliza chai yangu. Methali hiyo tumeisoma tangu shule ya msingi, lakini siku hiyo niliielewa: hakuna noti inayoota sokoni. Kuna mgongo wa mtu uliinama shambani ili ile kanga ijae.

SHERIA HAIKUBALIANI NA KIJIWE

Nikaanza kuuliza watu wanaojua sheria. Kumbe Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 258, inamgusa mpaka mwokotaji. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni hii: ukitumia kitu kilichopotea wakati unamjua mwenyewe, au una njia ya maana ya kumpata, huo ni wizi kama wizi mwingine. Unasalimika tu pale unapokuwa humjui na una sababu za kweli za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Na adhabu ya wizi wa kawaida, kifungu cha 265, inafika miaka saba jela. Mwenzenu nilihesabu: kuku nusu, chipsi na soda, miaka saba!

Dini nazo hazitofautiani sana na sheria. Waislamu wana hukumu ya luqata, kitu cha kuokota: unakitangaza mwaka mzima kumtafuta mwenyewe. Kwenye Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inasema ng'ombe wa mwenzio akipotea usijifanye hukumuona. Ona basi, kote swali si kwamba utarudisha au hutarudisha. Swali la kwanza ni kama umemtafuta mwenyewe.

Na msidhani binadamu wote wameoza. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu waliopeleka pochi zaidi ya 17,000 kwenye mapokezi ya mabenki, hoteli, posta na ofisi nyingine katika miji 355 ya nchi 40, jirani zetu Kenya wakiwemo, wakijifanya wameziokota. Nyingine zilikuwa na hela, nyingine hazina. Mimi ningebeti kwamba zenye hela zitaliwa. Wapi! Zisizo na hela, wenyewe walitafutwa kwa asilimia 40 hivi. Zenye hela, asilimia 51. Watafiti wakasema hela inapokuwepo, mtu anaogopa kujiona mwizi. Hapo nikaielewa ile risiti yangu.

WENYE HELA WATATU

Jumatatu nikarudi Misuna, nikafanya kosa la kitoto. Nikauliza kwa sauti, "Nani kapoteza hela hapa?" Wakatokea wenyewe watatu papo hapo! Wa kwanza alipoteza laki mbili kwenye pochi. Wa pili, milioni kwenye bahasha. Wa tatu ndiye kiboko, akanivuta pembeni: "Wewe niambie ziko ngapi, nami nitakuambia kama ni zangu."

Funzo hilo lichukueni bure. Ukiokota, usitaje kiasi wala kilichofungia. Mwache anayedai ataje mwenyewe. Na ukiona hali imekuwa nzito, nenda na shahidi ofisi ya serikali ya mtaa au kituo cha polisi, zihesabiwe na iandikwe.

Nikaenda kwa mtoza ushuru na risiti tu. Akaitazama, akahema. "Huyu mama wa upande wa Mkalama? Yupo. Tangu Jumamosi hajaondoka, analala stendi."

Nilimkuta ameketi juu ya gunia tupu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza amepoteza nini. Akataja kila kitu: kanga, fundo, laki tatu na themanini, noti ndogo nne, risiti katikati. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Gunia moja tu ndiyo langu, mwanangu. Matatu ni ya majirani, wameniamini nikawauzie. Nikirudi mikono mitupu niseme zimepotea, nani ataniamini?"

Msomaji, hapo nikapata baridi. Kumbe mimi ningekula hela, na mwizi angekuwa yeye. Kijiji kizima kingemtazama hivyo mpaka anaingia kaburini, na mimi niko mjini nakunywa soda.

Nikampa lile fundo. "Mama, kuna kumi pungufu. Nimekula." Akahesabu taratibu, akafunga, akaniangalia sana. "Basi hiyo ndiyo zawadi yako. Umejipa kabla sijakupa." Wala hakucheka. Akainuka kutafuta gari la kwao.

USINGOJEE RAIS

Mtakumbuka yule kijana wa bodaboda wa Liberia aliyeokota Dola 50,000 barabarani mwaka 2021. Akazihifadhi, na aliposikia mwenyewe analia redioni, akazirudisha. Rais wa wakati ule, George Weah, yule mwanasoka, akampa Dola 10,000 na ufadhili wa masomo. Safi sana. Lakini ukirudisha kwa kumngojea Weah, utangoja mpaka uote mvi. Wengi wetu tutapewa asante, na pengine hata asante isiwepo.

Siku hizi mambo yamehamia kwenye simu. Unaamka unakuta laki moja ya mtu aliyekosea namba. Usiitoe. Lakini pia usikimbilie kuituma kwenye namba nyingine unayoelekezwa, matapeli wanapenda hapo. Kwanza angalia salio kama kweli imeingia, maana ujumbe wa kughushi upo mwingi. Kisha mwambie aliyekosea apige huduma kwa wateja wa kampuni yake, muamala urudishwe kwa njia yake.

Mwenzenu bado nilikuwa na deni la roho. Ile kumi ilikuwa ya gunia la mama, au ya majirani? Wiki mbili baadaye nikambana yule mshikaji wangu wa magunia, safari hii hakuyeyuka. Akanipa elfu ishirini. Nikaomba namba ya mama kwa mtoza ushuru, nikamtumia elfu kumi yake. Namba niliisoma mara tatu kabla ya kubonyeza, maana nisije nikamtia mwingine majaribuni!

Kodi ya chumba bado nadaiwa, na mwenye nyumba bado anakohoa. Lakini nalala.

Na wewe je? Ungeitupa ile risiti? Jibu, lakini usijibu ukiwa umeshiba. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.