Viongezo vya Kale Katika Thunderbird

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako barua za mashirika ya misaada zilipita kwa setilaiti muda mrefu kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa mwezi Julai 2009, na ambako hata sasa mtandao waweza kupotea kwa kuwa mnara umelipuliwa au umeme umekatika, programu ya barua pepe ikaayo ndani ya kompyuta yenyewe ingali na manufaa ambayo watu wa Nairobi wameyasahau. Karani huteremsha barua zake asubuhi, akazisoma na kuzijibu mtandao usipokuwapo, na majibu yakangoja sandukuni hadi mawasiliano yarejee.

Miongoni mwa programu za namna hiyo, Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, ilipendwa hususan kwa viongezo vyake, yaani vijiprogramu vilivyotungwa na watu wa nje ili kuizidishia uwezo. Kiongezo cha zamani kilikuwa mithili ya mgeni aliyepewa idhini ya kubomoa kuta na kuhamisha milango: kilijipachika katika msimbo wa Thunderbird wenyewe, kikabadili lolote kitakalo, na kila msimbo huo uliporekebishwa, nacho kikavunjika. Firefox, iliyo na asili moja na Thunderbird, iliviaga viongezo hivyo katika toleo la 57, Novemba 2017. Thunderbird ikafuata kwa taratibu, toleo la 68 la mwaka 2019 likivitaka vigeuzwe kwanza ndipo vipokewe, na toleo la 78, Julai 2020, likikubali vile vya mtindo mpya wa MailExtensions peke yake. Upenyo mmoja uliachwa, nao huitwa Experiments. Kiongezo kinachoupitia huomba, wakati wa kusakinishwa, ruhusa ya kuifikia Thunderbird na kompyuta yako pasi na mpaka, na aghalabu ndicho kitakachokwama toleo jipya likija.

Wako mafundi ambao, kwa kuchelea kupoteza kiongezo kimoja walichokizoea, huizuia Thunderbird isijisasishe, wakabaki na toleo la 60 miaka na miaka. Sikubaliani nao hata kidogo, maana programu inayopokea barua kutoka kwa kila mtu duniani ndiyo ya mwisho kuachwa bila viraka vya usalama.

Enigmail ndicho kisa chenye mafunzo mengi. Kiongezo hicho kilizifunga barua kwa funguo za siri za mfumo wa OpenPGP, kikitegemea programu ya nje iitwayo GnuPG, na ofisi inayoandikiana habari za wakimbizi wa kambi za Ifo, Hagadera au Dagahaley ina kila sababu ya kuzifunga barua zake, hasa baada ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Toleo la 78 liliichukua kazi hiyo likaifanya lenyewe, kwa maktaba ya RNP, na Enigmail ikabakiwa na wajibu mmoja tu, kuhamisha funguo na mipangilio. Walakini funguo za siri, ambazo zamani zilikaa mbali katika hifadhi ya GnuPG, sasa zimo katika folda ya profaili pamoja na barua zenyewe. Na madhali mtumiaji hakuweka neno kuu la siri katika mipangilio, yeyote aliyenakili folda hiyo amezipata funguo pia.

Nalo ni jambo la kuzingatiwa, kwani kunakili profaili ndiyo hatua ya kwanza kabla ya kusasisha. Katika Windows folda hiyo imo ndani ya AppData, chini ya Roaming. Ifunge Thunderbird kwanza, kisha nakili yote, na flashi iliyobeba nakala ifungiwe kabatini, isizurure mezani. Nakala hiyo haina mbadala: profaili iliyokwisha kufunguliwa na toleo jipya, toleo la zamani huikataa na kutaka uanze nyingine tupu.

Thunderbird ikigoma baada ya hapo, ifungue huku umebonyeza Shift, nayo itakupa njia ya kuanza pasipo viongezo. Ikitulia, viwashe kimoja kimoja umjue mkosaji. Na kwa ofisi za Mandera zisizotaka kumaliza bando, faili ya kiongezo, ambayo jina lake huishia kwa xpi, yaweza kuteremshwa mara moja tu Garissa, ikabebwa kwa flashi, na ikasakinishwa katika kompyuta zote bila mtandao.