Udhamini wa Viza na Ajira ya Ualimu wa Shule za Msingi Ng'ambo: Mfano wa Marekani

Neno udhamini lina historia ya kisheria na ya kibiashara katika Kiswahili, na historia hiyo ndiyo inayozaa mkanganyiko wa kwanza katika suala la kufundisha ng'ambo. Mahakamani, mdhamini ni yule anayejifunga kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi. Benki, ni yule atakayedaiwa mkopaji akishindwa kulipa. Katika matumizi ya miongo ya karibuni neno hilohilo limesogea likawa jirani wa ufadhili: kampuni inayotoa jezi na fedha kwa timu ya kandanda huitwa mdhamini wake, na mwanafunzi anayelipiwa karo husemwa kuwa amepata udhamini wa masomo. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi anayesoma tangazo kwamba shule ya ng'ambo inadhamini viza huelewa kwa wepesi kwamba atalipiwa nauli, viza na makazi. Sheria ya uhamiaji haisemi hivyo. Humo mdhamini yu karibu zaidi na yule wa mahakamani. Anajifunga mbele ya serikali kwamba mgeni atafanya kazi iliyotajwa, mahali palipotajwa, kwa muda uliotajwa. Mfuko wa mgeni ni jambo jingine kabisa. Wazungumzaji wa Kiswahili waliofanya kazi katika nchi za Ghuba wanalijua wazo hili kwa jina la kafili, na wengi wao wanajua pia uzito wake, kwamba anayekudhamini ndiye anayeshikilia uhalali wa kukaa kwako.

Makala haya yanafafanua namna udhamini huo unavyofanya kazi nchini Marekani, ambako shule za umma zimekuwa zikiajiri walimu wa kigeni kwa miaka mingi ili kuziba upungufu, hasa katika elimu maalumu, hisabati na shule za vijijini. Marekani imechaguliwa kwa sababu kanuni zake zinamgusa moja kwa moja mwalimu wa shule ya msingi. Uingereza, kwa kulinganisha, ilipofungua mlango mwezi Februari 2023 kwa walimu wa nchi na maeneo tisa, zikiwamo Ghana, Nigeria na Zimbabwe, waombe sifa kamili ya ualimu nchini humo, iliwataka wa hisabati, sayansi na lugha kwa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 16. Kenya na Tanzania hazikuwamo katika orodha hiyo, na mwalimu wa darasa la pili, awe wa nchi gani, hakuwamo vilevile.

Njia inayotumiwa zaidi kwa walimu hao ni viza ya J-1, ambayo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1961 ya mabadilishano ya kielimu na kiutamaduni, maarufu kwa jina la Fulbright-Hays. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mdhamini katika njia hii kwa kawaida si shule. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huidhinisha mashirika na taasisi zinazoruhusiwa kuendesha mpango wa walimu, na mdhamini huyo ndiye anayetoa fomu ya DS-2019. Bila fomu hiyo hakuna mahojiano ya viza ubalozini. Shule au wilaya ya elimu huajiri na kulipa mshahara. Mdhamini husimamia hadhi ya kisheria ya mwalimu. Mwalimu, basi, ana mabwana wawili, na ugomvi na mmoja humgusa mwingine. Orodha ya wadhamini walioidhinishwa huwekwa wazi na Wizara hiyo, na kuikagua ni kazi ya dakika chache. Inashangaza kwamba watu hutoa akiba ya miaka kumi kwa wakala ambaye jina lake halimo humo.

Masharti ya kuingia katika mpango huu ni ya wazi. Mwombaji awe na shahada inayolingana na ile ya kwanza ya Marekani, awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na awe anafundisha wakati anapoomba. Asiyefundisha wakati huo hukubaliwa ikiwa amemaliza shahada ya juu katika miezi 12 iliyotangulia na alifundisha kwa miaka miwili ndani ya miaka minane iliyopita. Awe pia na Kiingereza cha kutosha, na atimize viwango vya jimbo atakakofundisha, kwa kuwa nchini Marekani leseni ya ualimu hutolewa na jimbo wala si na serikali kuu.

Sharti la shahada linaonekana dogo, lakini kwa Afrika Mashariki ndilo kizingiti kikubwa kuliko vyote. Ualimu wa shule ya msingi katika eneo hili umejengwa juu ya vyeti: nchini Kenya cheti cha P1 kilichosomewa kwa miaka miwili, hadi stashahada ilipoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2021, na nchini Tanzania cheti cha Daraja la A. Mwalimu mwenye miaka ishirini darasani na cheti peke yake hana nafasi katika mpango huu, ilhali kijana mwenye Shahada ya Elimu na miaka miwili ya kazi anayo. Hata huyo wa shahada hajavuka salama. Shahada nyingi za elimu katika vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania humwandaa mwalimu wa sekondari mwenye masomo mawili ya kufundishia, tuseme Kiswahili na Historia. Mwalimu wa shule ya msingi ya Marekani, ambayo kwa kawaida huanzia chekechea hadi darasa la tano, hukaa na darasa moja mwaka mzima na kulifundisha kusoma, kuandika, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Taasisi inayotathmini vyeti huangalia kozi moja moja zilizosomwa, na matokeo yake huenda yakawa kwamba mwombaji anafaa kufundisha sekondari pekee, ingawa maisha yake yote ya kazi yamepita katika darasa la tatu. Tathmini hiyo hulipiwa na mwombaji mwenyewe na hutangulia kila kitu. Ni busara aipate kabla ya kumpa wakala yeyote hata shilingi moja.

Muda wa J-1 kwa mwalimu ni miaka mitatu, na huweza kuongezwa mwaka mmoja au miwili kwa ombi la shule na idhini ya Wizara. Baada ya hapo mwalimu hurejea kwao, na akitaka kurudi katika mpango uleule sharti akae nje ya Marekani miaka miwili kwanza. Kwa baadhi ya washiriki lipo pia sharti jingine la kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kubadili viza kuwa ya kazi au ya ukaazi wa kudumu. Sharti hili hutegemea chanzo cha fedha za mpango na orodha ya stadi zinazohitajika katika nchi atokayo mshiriki, na huandikwa kwenye viza yenyewe. Kwa kuwa mpango ni wa mabadilishano, kila mwaka wa masomo mwalimu hutakiwa kuandaa shughuli ya kueleza historia na desturi za nchi yake kwa shule au jamii aliyomo, na nyingine inayowakutanisha wanafunzi wake kwa mazungumzo na wanafunzi wa nchi nyingine, ikiwezekana wa shule aliyotoka. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa pambo tu. Kisheria ndilo linaloipa viza maana yake, na ndilo linaloeleza kwa nini ofisa wa ubalozi humuuliza mwombaji ameacha nini nyumbani: mwombaji wa J-1 huhesabiwa kuwa mhamiaji mpaka athibitishe kwamba atarudi.

Njia ya pili ni H-1B. Hapa mwajiri mwenyewe ndiye mdhamini. Mwalimu huweza kukaa hadi miaka sita, na hakatazwi kuwa na nia ya kubaki moja kwa moja. Ugumu uko kwingine. Viza mpya zina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za wenye shahada za uzamili za Marekani, na waombaji wakizidi hufanyika uteuzi. Vyuo vikuu havibanwi na kikomo hicho, lakini shule ya msingi ya kawaida hubanwa isipokuwa ikiwa na uhusiano rasmi na chuo. Anayeteuliwa huanza kazi tarehe 1 Oktoba, wakati shule nyingi hufunguliwa Agosti. Mwalimu mkuu gani ataacha darasa bila mwalimu kwa majuma sita akimsubiri mgeni? Tangu Septemba 2025, tamko la rais lililoweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi limeifanya njia hii iwe nzito mno kwa bajeti ya wilaya ya elimu.

Gharama ndizo zenye mafunzo makali zaidi. Chini ya H-1B, sheria humtaka mwajiri alipe ada za ombi na za wakili, na asizirudishe mgongoni mwa mwajiriwa kwa namna itakayoushusha mshahara chini ya kiwango. Mwaka 2011 Wizara ya Kazi ya Marekani ilifikia makubaliano na shule za umma za Prince George's County, jimboni Maryland, baada ya kubainika kwamba walimu wa kigeni walikuwa wamejilipia ada hizo. Wilaya iliwarejeshea walimu 1,044 jumla ya dola milioni 4.2 na kutozwa faini ya dola 100,000. Juu ya hayo ilizuiwa kwa miaka miwili kuomba viza mpya au kuhuisha zilizokuwapo. Adhabu hiyo ya mwisho ilimwangukia asiyekosa: walimu ambao viza zao zilikuwa zinakwisha walipoteza kazi, ingawa wao ndio waliokuwa wamedhulumiwa. Udhaifu wa mfumo mzima umo katika tukio hilo. Haki ya kuishi nchini imefungwa kwenye mkono wa mwajiri, hivyo kumwadhibu mwajiri ni kumfukuza mwalimu.

Jimboni Louisiana, kuanzia mwaka 2007, zaidi ya walimu 350 kutoka Ufilipino waliletwa na kampuni ya uwakala baada ya kulipa takriban dola 16,000 kila mmoja, wengi wao kwa mikopo. Walieleza kwamba malipo makubwa zaidi yalidaiwa baada ya ada za kwanza kuwa zimekwisha kutolewa na hazirudishwi, hata kujitoa kukawa ni hasara kuliko kuendelea. Mwezi Desemba 2012 baraza la mahakama huko California liliamuru walipwe dola milioni 4.5. Chini ya J-1 hakuna katazo kama lile la H-1B, na mwalimu huweza kutozwa ada ya mpango kihalali. Ila kanuni humlazimu mdhamini amweleze gharama zote mapema. Ada ya serikali ya kusajiliwa katika mfumo wa wageni wa mabadilishano ni dola 220. Wakala anayetaja maelfu kwa jina hilo anadanganya.

Mshahara wa mwalimu wa J-1 sharti ulingane na wa Mmarekani mwenye kazi na sifa kama zake. Hata hivyo, kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba si kile kinachofika mkononi. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo msamaha wanaoupata walimu wa baadhi ya nchi haupo. Nafuu iliyopo ni kwamba mwalimu wa J-1 kwa kawaida hakatwi michango ya hifadhi ya jamii katika miaka miwili ya kwanza ya kalenda. Bima ya afya ni ya lazima, ya kiwango kisichopungua dola 100,000 kwa ugonjwa au ajali moja, pamoja na fidia ya kusafirisha maiti. Mwenzi anayefuatana na mwalimu huweza kuomba kibali cha kazi. Katika wilaya za vijijini, ambako nafasi ni nyingi, hakuna matatu wala daladala, na gari hununuliwa kabla ya mshahara wa kwanza.

Lipo pia suala la ajira inayoachwa nyumbani, ambalo mawakala hawaligusi. Kanuni za J-1 humtaka mwombaji awe kazini, na mdhamini huomba barua za waajiri wake. Mwalimu wa serikali nchini Kenya yuko chini ya Tume ya Huduma kwa Walimu, na wa Tanzania chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Kote kuwili kuondoka kazini bila ruhusa ni utoro, kosa la kinidhamu linaloweza kuishia kwa kufukuzwa. Viza iliyobuniwa juu ya sharti la kurudi humtoa mwalimu katika ajira ambayo, asipopewa likizo bila malipo kwa maandishi, hataikuta. Barua hiyo ya likizo ina kazi mbili: ubalozini ni ushahidi kwamba mwombaji ana pa kurudi, na miaka mitatu baadaye ndiyo itakayoamua kama anarudi darasani kwake au anaanza upya foleni ya kuajiriwa.