Ndege ya Wagonjwa: Safari Inayoanzia Gatini

Mkazi wa Lamu akiambiwa kuwa mgonjwa wake atapelekwa Nairobi kwa ndege, swali lake la kwanza huwa: ndege itafika saa ngapi? Ni swali la haki. Lakini mara nyingi muda haupotei angani. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi uwanja wa Manda ni mwendo wa takriban saa moja na kidogo. Saa nyingi zaidi huishia nyumbani, baharini na kwenye simu, kabla rubani hajawasha injini.

Chukua mfano wa mtu aliyezidiwa usiku Kizingitini. Atafikishwa kwanza hospitali ya Faza, na hali ikihitaji zaidi, atapelekwa kwa boti hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Hapo maji ndiyo huamua. Bahari ikiwa imekupwa, Mkanda haupitiki kwa urahisi, na nahodha hulazimika kusubiri maji yajae au kuzunguka nje ya Manda, ambako msimu wa kusi bahari huchafuka. Hata akifika King Fahd safari haijaisha, kwa kuwa uwanja wa ndege uko ng'ambo. Mgonjwa atabebwa kwa machela hadi gatini, avushwe, ateremshwe, kisha apelekwe ndegeni. Kila anapohamishwa, mpira wa dripu unaweza kuchomoka au mfupa uliovunjika ukasogea. Ndiyo maana wahudumu wanapokataa kuharakishwa pale gatini, hawafanyi kiburi.

Huduma ya madaktari wa ndege ina umri mkubwa hapa nchini. Ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na ndiyo mwanzo wa shirika la AMREF. Enzi hizo hakukuwa na simu za mkononi. Zahanati za mbali ziliwekewa redio, na daktari aliyeko Nairobi alisikiliza na kushauri. Wazee wa visiwani watamkumbuka Daktari Anne Spoerry, Mfaransa aliyejulikana kama Mama Daktari. Alijifunza kurusha ndege akiwa amepita umri wa miaka 40, na kwa miongo kadhaa akawa mwenyewe rubani na mwenyewe tabibu, Lamu ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Alifariki mwaka 1999.

Siku hizi kazi hizo zimegawanywa. Rubani hurusha ndege; daktari na muuguzi waliofunzwa kuhudumia wagonjwa mahututi hukaa nyuma na mgonjwa. Wanabeba oksijeni, mashine ya kusaidia kupumua, kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo na dawa. Mbali na ndege za AMREF, ambazo kituo chao cha mawasiliano kilichoko Wilson hufanya kazi saa 24, ndege za polisi na za jeshi pia zimewahi kutumika kuokoa wagonjwa.

Jambo ambalo jamaa wengi hawalijui ni kwamba ndege haitumwi kwa sababu tu mtu ameiomba. Kituo cha mawasiliano hutaka kuzungumza na daktari au mhudumu aliye na mgonjwa. Ataulizwa mgonjwa ana umri gani, ameumia nini, shinikizo la damu ni kiasi gani, anapumuaje, amepewa dawa zipi na saa ngapi. Ataulizwa pia hospitali gani imekubali kumpokea. Hili la mwisho huchelewesha safari nyingi, kwa kuwa hakuna maana ya kumrusha mtu hadi Nairobi kisha akaachwa mlangoni bila kitanda cha wagonjwa mahututi. Familia inayompigia kila mtu simu isipokuwa daktari wa zamu hujikuta imejichelewesha yenyewe.

Kisha kuna suala la hewa. Lamu iko usawa wa bahari, nao uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu yake. Ndege inapopaa, oksijeni hupungua, na hewa iliyonaswa mwilini hutanuka. Mtu aliyeumia kifua, hewa ikawa imevuja nje ya pafu, anaweza kuzidiwa akiwa angani ilhali alikuwa akiongea alipokuwa wodini. Kwa hiyo madaktari huweza kumwekea mpira kifuani kwanza, au kumwongezea damu, au kumtuliza degedege, ndipo aondoke. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kungoja ndege. Anahitaji damu na tiba katika hospitali iliyo karibu naye, na safari ifuate baadaye ikibidi.

Usiku una masharti yake. Viwanja vingi vidogo vya ndege nchini havina taa, na rubani hatatua asipoona. Mchana nako kuna punda na mbuzi wa kufukuzwa, na baada ya mvua kubwa lazima mtu aliyeko pale aeleze kama ardhi ni ngumu au ni tope.

Kuhusu gharama, Katiba katika kifungu cha 43 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, safari ya ndege ni ghali, na swali la nani atalipa huulizwa mapema. Wenye bima wanashauriwa kusoma mkataba kabla ya kuugua: je, unagharamia ndege, au ambulensi ya barabarani pekee? AMREF huuza pia uanachama wa kila mwaka uitwao Maisha. Anayetaka kujiunga aulize maeneo unayohudumia na hali zisizogharamiwa.

Ndugu mmoja anaweza kuruhusiwa kusindikiza, nafasi ikiwepo. Achukue kitambulisho chake na cha mgonjwa, barua ya rufaa, picha za eksirei, dawa zinazotumiwa na simu yenye chaji. Mizigo iwe michache. Blanketi isisahaulike, hasa Julai. Wengi hutua Wilson na kikoi na shati jepesi, wakakesha wakitetemeka kwenye benchi la hospitali.