Mwavuli Ukishafunguka: Vifaa, Ujuzi na Usalama wa Mrukaji Mpya

Watu wengi wanaoutazama mchezo wa kuruka kwa mwavuli wakiwa chini huamini kwamba hatari yake yote imo katika swali moja, yaani kama mwavuli utafunguka au hautafunguka, na kwamba ukishafunguka mrukaji ameokoka. Imani hiyo ilikuwa na mashiko zamani, lakini leo haitoshi kueleza ajali zinazotokea. Takwimu za Chama cha Miavuli cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama USPA, zinaonyesha kwamba katika miaka ya 1970 nchi hiyo ilipoteza kwa wastani zaidi ya warukaji 40 kila mwaka, ilhali mwaka 2023 waliokufa walikuwa 10 katika miruko inayokadiriwa kufikia milioni 3.65. Mengi yalichangia mabadiliko hayo, yakiwemo mafunzo, ila vifaa ndivyo vilivyoboreka kwa namna iliyo wazi zaidi, na kwa kuwa vimeboreka, sehemu kubwa ya wanaoumia na kufa siku hizi hupatwa na madhara hayo wakiwa chini ya mwavuli mzima, uliofunguka barabara, wanapokaribia kutua. Mrukaji mpya asiyelifahamu jambo hili hujiandaa kwa ajali za zamani na kuiacha ile iliyo mbele yake.

Vifaa vya mrukaji wa leo huvaliwa mgongoni katika begi moja lililoshonewa mikanda ya mabegani, kifuani na mapajani, na ndani ya begi hilo mna miavuli miwili: mwavuli mkuu, unaokaa upande wa chini, na mwavuli wa akiba, unaokaa juu yake karibu na mabega. Mwavuli wenyewe si ule wa duara uliozoeleka katika picha za vita. Ni wa umbo la mstatili, wa aina iliyobuniwa na Domina Jalbert huko Marekani katika miaka ya 1960, nao umeshonwa kwa tabaka mbili za kitambaa chepesi zilizogawanywa vyumba vyembamba, vyumba hivyo vikiwa wazi upande wa mbele ili hewa iingie, ivijaze na kukifanya kitambaa kiwe bawa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya, kwa sababu mwavuli wa duara hushuka tu huku ukipeperushwa na upepo, ilhali bawa husonga mbele kwa kasi yake lenyewe, hugeuka linapoamriwa na, likiamriwa vibaya, humbwaga mwenye kuliongoza kwa kasi ambayo mifupa haiwezi kuistahimili.

Mwavuli mkuu huweza kukunjwa na mrukaji mwenyewe baada ya kufundishwa, lakini ule wa akiba hukunjwa na fundi aliyeidhinishwa peke yake, na sheria za Marekani zinataka ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya kila baada ya siku 180, hata kama haukutumika. Fundi akimaliza kazi hufunga uzi mwekundu kwenye pini, akaubana kwa muhuri mdogo wa risasi, na kuacha kadi yenye tarehe na sahihi yake ndani ya begi. Anayekodi au kununua begi lililokwisha kutumiwa na wengine anapaswa kuanza na kadi hiyo kabla hajatazama rangi ya kitambaa.

Pale mwavuli mkuu unapofunguka vibaya, kwa mfano kamba ikiwa imepita juu ya kitambaa na kukigawa mara mbili, au mfuko wake wa ndani ukiwa umegoma kuuachia, mrukaji hutakiwa auondoe kwanza ndipo afungue ule wa akiba, kwa kuwa miavuli miwili ikiwa nje kwa pamoja huweza kusokotana. Kuondoa huko hufanywa na pete tatu zilizo kila bega, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970 ambao sasa unatumika takriban kila mahali panaporukwa. Pete kubwa imeshonewa kwenye mikanda ya mwili, na pete mbili nyingine zimeshonewa kwenye ukanda unaobeba mwavuli. Ile ya kati hupitishwa ndani ya kubwa, ndogo hupitishwa ndani ya ile ya kati, na ndogo nayo hushikwa na kitanzi cha uzi kinachozuiliwa na waya laini wa njano. Kila pete hupunguza uzito unaoifikia inayofuata, hata kitanzi chembamba kikaweza kumshikilia mtu mzima anayening'inia, na mkono mmoja ukaweza kuuchomoa waya bila kushindana na uzito huo. Anayekagua begi hutazama kwamba kitanzi kimeshika pete ndogo peke yake, kwani kikiwa kimeshika na ile ya kati mfumo umefungwa vibaya na hauaminiki. Ni ukaguzi wa sekunde chache, nao haustahili kuachiwa mtu mwingine.

Kwa kawaida mpini wa kuuondoa mwavuli mkuu huwa upande wa kulia wa kifua na mpini wa akiba upande wa kushoto. Mwanafunzi hufundishwa kuutazama wa kwanza, kuushika, kuuvuta mpaka mwisho, kisha kufanya hivyo hivyo kwa wa pili, na mazoezi hayo hurudiwa chini, akiwa amening'inizwa kwenye mikanda, hadi mikono ifuate mpango bila kusubiri kufikiri. Begi la mwanafunzi huwa pia na mshipi unaounganisha mwavuli mkuu na pini ya akiba, hivyo mwavuli mbovu unapoondoka huivuta pini ile moja kwa moja, ingawa mwanafunzi huambiwa auvute mpini wa pili vilevile.

Mbali na hayo kuna kifaa cha kielektroniki cha kufungua akiba chenyewe, ambacho kilienea baada ya kampuni ya Airtec ya Ujerumani kuanza kuuza Cypres mwaka 1991. Kifaa hicho hupima mgandamizo wa hewa, na katika toleo la warukaji wazoefu, kikitambua kwamba mtu amefika takriban mita 225 juu ya ardhi na bado anaporomoka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, hukikata kitanzi kinachofunga mwavuli wa akiba. Kimewaokoa waliozimia angani na waliopotewa na hesabu ya mwinuko. Hata hivyo, kwa kasi ya kuporomoka mita hizo 225 huisha kwa sekunde nne hivi, na kwa sababu hiyo walimu hawamruhusu mwanafunzi kukihesabu kuwa sehemu ya mpango wake.

Mwinuko, kwa hakika, ndio mali pekee aliyonayo mrukaji, nayo hutumika haraka. Ndege hupanda hadi futi 13,000, yaani karibu mita 4,000, na mwenye kuporomoka huku tumbo likiangalia ardhi hufikia kasi ya takriban kilomita 190 kwa saa, kasi ambayo haizidi tena kwa sababu ukinzani wa hewa umelingana na uzito wake. Kutoka hapo kila futi 1,000 hupita kwa sekunde tano na nusu hivi, na safari nzima kabla ya kufungua mwavuli huchukua kama dakika moja. Altimita, kipima mwinuko kinachovaliwa mkononi, husomwa mara kwa mara katika dakika hiyo, na katika mafunzo ya kisasa ambapo walimu wawili humshika mwanafunzi kila upande tangu mlangoni mwa ndege, kusoma altimita ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayopimwa.

USPA humtaka mwenye leseni ya kwanza, leseni A inayotolewa baada ya miruko isiyopungua 25, afungue mwavuli wake kabla ya kushuka chini ya futi 3,000, na humshauri awe amekata shauri kufikia futi 2,500 kama mwavuli huo unafaa kumtua au la. Kufaa huko kunapimwa kwa vitendo: mwavuli uwe umetanda wote, ugeuke kila upande unapoamriwa, na upunguze kasi breki zote mbili zinapovutwa. Zipo kasoro ndogo zinazoweza kurekebishwa, kama kamba zilizojisokota, na mrukaji huruhusiwa kuzipigania akiwa juu; hatari ni kuendelea kuzipigania huku macho yameiacha altimita, mpaka mwinuko wa kuutumia mwavuli wa akiba umekwisha.

Mwavuli ukikubaliwa, kazi ya urubani inaanza, na hapo ndipo mafunzo ya wengi huwa haba kuliko yanavyostahili. Mrukaji huongoza bawa kwa vishikio viwili vya breki. Akivuta cha kushoto bawa hugeuka kushoto, akivuta vyote kwa pamoja hupungua kasi. Njia ya kutua hupangwa mapema, na mpango unaofundishwa zaidi humtaka aanze kwenda na upepo akiwa futi 1,000 hivi, akate kona karibu na futi 600, kisha aukabili upepo kwenye futi 300 na kushika mstari huo hadi ardhini. Kuukabili upepo hupunguza kasi yake juu ya ardhi, na kila mmoja akiufuata mpango ule ule hupunguza uwezekano wa miavuli kugongana. Akifika kiasi cha kimo cha watu wawili juu ya ardhi huvuta breki zote mbili kwa ulaini hadi mwisho, bawa likabadili kasi yake kuwa nguvu ya kunyanyua, na miguu ikagusa chini kwa wepesi.

Ajali inayojirudia huanzia pale mpango unapovurugika. Mrukaji ameshuka sana, anaona mti au uzio mbele yake, au anatambua kwamba upepo unamsukuma mgongoni, kisha kwa hofu anavuta breki ya upande mmoja kwa nguvu. Bawa hulala upande, hupoteza uwezo wa kumbeba na kuteremka kwa kasi, naye hurushwa nje ya duara la kona kama jiwe kwenye kombeo, akafika ardhini kabla mwavuli haujarudi juu ya kichwa chake. Ndiyo maana vipaumbele vya kutua hupangwa kwa daraja: la kwanza ni bawa kukaa sawa bila kuinama, la pili ni kupata uwazi usio na vizuizi, la tatu ni kuvuta breki angalau nusu, na la mwisho ni kutua huku miguu na magoti vimebanwa pamoja na mwili ukibingirika. Kuukabili upepo, jambo ambalo mwanafunzi hulipenda mno, halimo katika orodha hiyo. Kutua na upepo mgongoni, bawa likiwa sawa, huweza kumvunja mtu kifundo cha mguu. Kona kali karibu na ardhi huua. Ikiwa lazima kugeuka, kona hukatwa polepole, breki zote mbili zikiwa zimevutwa kiasi na moja kuzidishwa kidogo, jambo linalopaswa kufanyiwa mazoezi juu, penye mwinuko wa kukosea.

Ukubwa wa mwavuli ndio uamuzi mwingine ambao mrukaji mpya hushawishika kuufanya vibaya. Uzito wake pamoja na vifaa vyote hugawanywa kwa eneo la mwavuli, na USPA humshauri mwenye leseni A asizidishe ratili moja kwa kila futi ya mraba. Mtu wa kilo 75 mwenye vifaa vya kilo 12 ana jumla ya kilo 87, sawa na ratili 192, kwa hiyo anahitaji mwavuli wa futi za mraba zisizopungua 192. Akishawishiwa na bei nafuu au na begi dogo la kupendeza akachukua wa futi 135, uwiano wake unapanda hadi 1.4, na bawa lile ambalo mzoefu hulifurahia litamjibu kwa wepesi usiolingana na ujuzi wake, hasa katika sekunde zile za hofu karibu na ardhi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake, na kwa wanafunzi USPA imeweka ukomo wa upepo wa ardhini kuwa maili 14 kwa saa, takriban kilomita 22. Katika Afrika Mashariki mchezo huu unajulikana zaidi Diani, kusini mwa Mombasa, ambako msimu wa kusi na msimu wa kaskazi huamua upande wa kutulia, na bahari iko jirani muda wote. Penye maji mrukaji anahitaji ujuzi wa ziada: kubaki ndani ya mikanda mpaka miguu iguse maji, kwa kuwa umbali wa kufika majini hudanganya macho, kisha kujitoa na kuogelea mbali na kitambaa na kamba zinazoweza kumnasa. Leseni B ya USPA, inayohitaji miruko 50, haitolewi bila mafunzo ya kutua majini, wala bila kozi ya kuongoza mwavuli.

Kamera ya kofiani na suti yenye mabawa huvutia vijana wengi, lakini chama hicho kinashauri miruko 200 kabla ya kamera, na kwa suti idadi hiyo ni sharti. Kamera huiba macho yanayopaswa kuwa kwenye altimita na huongeza kitu cha kunasa kamba. Suti huibana mikono inayopaswa kufikia mipini.

Mrukaji mpya aliyeweka akiba ya fedha na aipeleke kwanza kwenye kozi ya kuongoza mwavuli, hata kama leseni yake haijamdai kozi hiyo, huku akiendelea kukodi mwavuli mkubwa wa shule. Begi lake mwenyewe na alinunue baada ya mwalimu aliyemwona akitua mara nyingi kuutaja ukubwa unaomfaa, na baada ya fundi kulifungua lote na kulikagua mbele yake.