Kukojoa Damu Siyo Kukua

Penye mabwawa na majaruba ya mpunga, mtoto wa kiume akikojoa damu wapo wasemao kwamba anakua. Sivyo. Mara nyingi hicho ni kichocho cha kibofu.

Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono, hukua, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye au apandaye mpunga. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya kibofu ikitaga mayai kwa miaka. Kibofu hukakamaa kwa makovu, figo huweza kuharibika, na hata saratani ya kibofu kutokea. Kwa wanawake, vidonda vyake hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa.

Tufanye nini? Twende zahanati kupima mkojo. Ule wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana huonyesha mayai zaidi. Dawa ni prazikwanteli, nayo hutolewa kulingana na mwili wa mgonjwa. Lakini haizuii kuambukizwa tena. Basi tujenge vyoo na kuvitumia, na maji ya bwawa tuyachemshe au tuyaweke siku mbili kabla ya kuoga.