Katavi kujumlisha Rukwa

Machi 2012 Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi, ukimegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda. Mwezi huohuo lilitoka toleo la 5.4 la PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi duniani, likiwa na njia fupi ya kuandika safu, yaani orodha ya vitu vinavyokaa chini ya jina moja. Kabla ya hapo ilibidi kuandika neno array na mabano ya duara. Sasa mabano ya mraba yanatosha:

$katavi = ['Mpanda', 'Nsimbo', 'Tanganyika', 'Mlele', 'Mpimbwe'];

Hizo ndizo halmashauri tano za mkoa. Kompyuta huzihesabu kuanzia sifuri, hivyo Mpanda ni namba 0 na Mpimbwe namba 4.

Napenda ufupi huu. Ila upo ufupisho mmoja ambao kila anayeanza kujifunza anapaswa kuonywa mapema, nao ni alama ya kujumlisha. Chukua safu ya pili, $rukwa, yenye Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Mtu anataka zote tisa, anaandika $katavi + $rukwa. Anapata tano za Katavi basi. PHP hapa haiangalii majina, inaangalia namba: nafasi iliyokwisha kukaliwa na safu ya kushoto haiguswi, na namba 0 hadi 3 za Rukwa zimekuta wenyeji. Akigeuza, $rukwa + $katavi, anapata Rukwa yote na Mpimbwe peke yake, kwa kuwa ndiyo pekee yenye namba 4. Hakuna onyo lolote. Jedwali linachapishwa likiwa safi kabisa, na Mpanda haimo.

Alama hiyohiyo kwenye Python ingeunganisha orodha zote mbili. Kwenye JavaScript ingezigeuza kuwa maandishi marefu yasiyo safu tena. Ndiyo maana anayehama lugha hunaswa kirahisi.

Andika [...$katavi, ...$rukwa]. Nukta tatu, zilizokubaliwa ndani ya safu tangu toleo la 7.4 la mwaka 2019, humimina vitu vyote kwenye safu mpya na kuvipa namba upya. Kama seva ya ofisi ina toleo la zamani zaidi, array_merge($katavi, $rukwa) hutoa jibu lilelile. Kisha, kabla ripoti haijatumwa, ita count() juu ya safu uliyopata: lazima ijibu 9.