Mahakama haikuhalalisha ndoa ya jinsia moja

Barazani kwetu, kila ikitajwa kesi ya mwaka 2023 hukosi wa kusema, "Si mahakama imeshahalalisha ndoa za jinsia moja!" Juzi alilisema kijana mmoja, na mwenzake akadakia kuwa basi wanaoshukiwa mtaani wafurushwe. Kahawa ikanishinda kumeza. Nikaona niandike, kwa sababu neno lenyewe si kweli, na uongo wa aina hii ushawahi kumwaga damu hapa Pwani.

Tuanze na sheria. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua, majaji 3 kwa 2, kwamba haikuwa haki kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Swali lilikuwa ni uhuru wa kuunda chama, ulio katika Kifungu cha 36 cha Katiba. Ndoa haikuwemo. Kifungu cha 45 cha Katiba bado kinampa mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kanuni ya adhabu nayo ingalipo, na kifungo chake hufika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwezi Mei 2019.

Ziko nchi zilizohalalisha kweli. Uholanzi ilitangulia mwaka 2001, Afrika Kusini ikafuata 2006, na Marekani nzima 2015. Kenya haimo.

Upande wa dini, mimi ni Muislamu na sifichi msimamo wangu. Nikaha ina mume na mke, walii, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli. Serikali yoyote ikiita jambo jingine ndoa, kwangu halitakuwa nikaha, na kisa cha kaumu Lut tunakijua tangu chuoni. Majirani zetu Wakristo nao walipata mtafaruku kama wetu Desemba 2023, Vatican iliporuhusu mapadri kuwabariki watu wa namna hiyo. Wengi walisikia "ndoa", na hali waraka wenyewe ulisema wazi kuwa ndoa ni ya mwanamume na mwanamke.

Lakini dini hiyo hiyo imeniwekea mipaka. Surat Al-Hujurat inatuamrisha tukiletewa habari na mtu fasiki tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Surat An-Nur inataka mashahidi wanne kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi, na akiwakosa, viboko 80 ni vyake yeye. Hao wanne tunawapata wapi barazani?

Mtwapa inatufunza. Februari 2010 ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wangeoana pale. Umati ukaizingira kliniki ya KEMRI iliyokuwa ikitoa huduma za Ukimwi. Watu wakapigwa, wengine wakachukuliwa na polisi, kisha wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Harusi yenyewe haikuonekana. Na wagonjwa waliokuwa wakifuata dawa pale, nani aliwauliza hali zao?

Huenda msomaji akaniambia kuwa nikiwatetea hawa nimeridhia wanayofanya. La. Kukataa jambo ni imani yangu, na nitalisema mimbarini nikipewa nafasi. Kumpiga mtu kwa uvumi ni dhulma, na dhulma haigeuki kuwa ibada kwa sababu aliyedhulumiwa simpendi. Wanaoshukiwa ni watoto wa nyumba zetu. Mama zao tunawaamkia kila asubuhi.

Anayetaka sheria ibaki ilivyo ana njia: mbunge wake, mahakama, na mawaidha kwa hekima. Akisikia tena kuwa mahakama imehalalisha, aulize kwanza: hukumu gani, ya tarehe ngapi, na imesema nini?